Mwili Sawa, Maji Safi: historia ya kuzamia Uvira ambayo sisi wa milimani pia inatuhusu



Najua kuna watakaocheka. Agronome wa Bijombo, kule juu kwenye baridi, kwenye ng'ombe na viazi, anatafuta nini kwa watu wanaozama ziwani na chupa ya hewa mgongoni? Jibu langu ni fupi: udongo. Memwari yangu ya licence ilikuwa juu ya mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko inayotazama Uvira. Nilipofuata udongo ule uende wapi, nilifika ufukweni, na nikataka kujua nani amewahi kuuona ukitua kule chini. Ndipo nikakutana na wazamiaji. Na katika kusoma habari zao nikaona kitu kimoja ambacho sikukitegemea: karibu yote tunayojua juu ya maisha ya samaki kwenye mawe ya ziwa letu yametegemea ufundi mdogo sana wa mwili. Ufundi wenyewe ni kukaa mlalo ndani ya maji, kichwa, kiuno na magoti kwenye mstari mmoja, bila kupanda, bila kushuka, bila kugusa chini. Leo ninataka kueleza ufundi huo ulitoka wapi, ulifikaje kwetu, na kwa nini kuupoteza ni hasara yetu.

Tuanze na zamani. Wataalamu wa kwanza waliokuja kusoma viumbe vya Tanganyika hawakuzama. Mwingereza J.E.S. Moore alikuja mwaka 1895 na akarudi 1899. Mwenzake W.A. Cunnington alifanya kazi ziwani mwaka 1904 na 1905. Halafu Wabelgiji walituma msafara mkubwa wa 1946 na 1947, na ndani yake alikuwemo Max Poll, mtaalamu wa samaki. Hao wote walitegemea nyavu, ndoano na yale ambayo wavuvi wetu waliwaletea. Walipata samaki wengi na wakawapa majina ya kitaalamu, kazi kubwa ambayo hatuwezi kuidharau. Lakini samaki aliyefika mezani kwao alikuwa amekufa. Ukiwa na maiti unaweza kuhesabu meno na miiba. Huwezi kujua anaishi na nani, anakula nini saa ngapi, analinda watoto wake namna gani. Ni kama kusoma kijiji kwa kutazama makaburi yake tu.

Kwa nini hawakushuka wenyewe? Vifaa vya kuzamia vilikuwepo. Tangu 1837 Augustus Siebe, fundi wa London, alikuwa ametengeneza vazi lililofungwa kabisa, lenye kofia ya shaba na hewa inayosukumwa kwa pampu kutoka juu. Lakini yule mzamiaji alisimama wima. Miguuni alivaa viatu vya risasi ili asipinduke (risasi ninayoisema hapa ni yale madini mazito, siyo ile ya bunduki ambayo kwetu tunaijua kupita kiasi). Alitembea kwenye sakafu ya maji kama mtu anayetembea shambani wakati wa mvua, na kila hatua iliinua tope. Kwa kujenga gati au kutafuta meli iliyozama, alifaa sana. Kwa kutazama samaki mdogo wa sentimita 8 anayejificha kwenye ufa wa jiwe, hapana.

Mabadiliko yalikuja Ufaransa wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na injinia Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye chupa, kiasi kile anachovuta, kwa shinikizo la maji aliyomo. Mapezi ya miguuni yalikuwa tayari, Louis de Corlieu alikuwa ameyapatia hati mwaka 1933. Mtu sasa aliachana na bomba na viatu vizito. Kwa mara ya kwanza aliweza kulala kama samaki. Nasema aliweza, kwa sababu kuweza siyo kujua. Wazamiaji wa mwanzo walifunga mkanda wa risasi kiunoni, na yaliyobaki waliyatafuta kwa pumzi na kwa kupiga miguu. Mwaka 1961 Maurice Fenzy, Mfaransa mwingine, alipata hati ya mfuko wa kujaza hewa unaovaliwa shingoni. Ulisaidia sana mtu asizame, lakini kwa kuwa ulivuta kifua juu, ulimsimamisha tena wima. Katika miaka ya 1970 zikaja jile zinazozunguka mwili, na hewa ikaweza kugawanyika vizuri zaidi mgongoni na mbavuni.

Waliokamilisha somo la mlalo walikuwa watu wa mapangoni, hasa kule Florida, Marekani. Ndani ya pango lenye maji, sakafu mara nyingi ni tope laini kuliko unga wa muhogo. Pezi moja likilipiga, mwanga wa taa unageuka kuwa ukuta, na mtu hauoni tena mkono wake. Watu wengi walikufa hivyo, mlango ukiwa karibu. Sheck Exley, mmoja wa mabingwa wao, alichapisha mwaka 1979 kitabu kidogo kilichochambua vifo vile ili wengine wajifunze. Kutoka kwenye msiba huo shule ya mapangoni iliweka desturi: mwili mlalo, magoti yamekunjwa, mapezi juu kuliko tumbo, teke la chura badala ya teke la kupiga juu na chini. Kwao siyo mapambo. Ni suala la kurudi nyumbani.

Sasa turudi ziwani kwetu. Mtu wa kwanza wa kutaja ni Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Bujumbura na kufanya biashara ya samaki wa mapambo katika miaka ya 1970 na 1980. Yeye na watu wake walizama kwenye mawe ya kaskazini mwa ziwa, wakakamata samaki wakiwa hai, na wakatuma ng'ambo. Tunaweza kubishana juu ya faida ile ilimfikia nani. Lakini alitazama, na aliandika: vitabu vyake viwili vikubwa juu ya samaki wa Tanganyika vilitoka 1978 na 1989. Poll mwenyewe alimpa samaki jina lake mwaka 1974.

Biashara hiyo inatufundisha fizikia yote tunayoihitaji. Samaki wengi wana mfuko wa hewa tumboni, na kwa mfuko huo wanakaa palepale majini bila kupanda wala kushuka. Ukimvuta samaki haraka kutoka mita 20 hadi juu, shinikizo linapungua, hewa ile inatanuka, tumbo linavimba na anakufa. Wakusanyaji wa samaki hai wanalazimika kuwapandisha polepole, kituo kwa kituo. Na wako samaki wetu wadogo wa kwenye mawe ya ufukweni, jamii ya Eretmodus, ambao mfuko wao umepungua. Wanaishi pale mawimbi yanapopiga, na kwao uzito ni faida: wanatulia juu ya jiwe na kurukaruka badala ya kuelea. Kila samaki, basi, ana usawa unaolingana na nyumba yake. Mzamiaji naye lazima atafute wa kwake, kwa sababu hakuzaliwa nao.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya Uvira yenyewe. Kuelekea 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wakiongozwa na Hiroya Kawanabe walianza kushirikiana na kituo cha utafiti cha Uvira, ambacho leo tunakiita CRH, Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Walichagua sehemu za mawe kama Luhanga, wakapima mraba chini ya maji, wakachora mawe yake, kisha wakarudi na kurudi kuhesabu samaki: aina gani, wangapi, kina gani, wanafanya nini. Wakongomani hawakuwa wabeba chupa tu. Nshombo Muderhwa na Gashagaza Masta Mukwaya majina yao yako kwenye makala za kisayansi. Mwaka 1983 Yanagisawa na Nshombo walieleza jinsi Perissodus microlepis anavyozaa na kulea watoto. Mwaka 1985 Nshombo na wenzake walieleza jinsi samaki huyohuyo anavyobadili chakula kadiri anavyokua.

Huyu Perissodus ni mwizi wa ajabu. Anakula magamba ya samaki wengine wakiwa hai. Anamvizia mwenzake kutoka nyuma, anamng'oa magamba ubavuni na kukimbia. Mdomo wake umepinda: kuna wanaopinda kushoto na wanaopinda kulia, na kila kundi linashambulia ubavu mmoja. Mwaka 1993 Michio Hori alichapisha katika jarida la Science matokeo ya zaidi ya miaka 10 ya kufuatilia samaki hawa. Alionyesha kwamba makundi mawili yanabadilishana wingi mwaka hadi mwaka, lakini daima yanazunguka nusu kwa nusu. Wa kushoto wakizidi, samaki wanaowindwa wanazoea kulinda ubavu ule, basi wa kulia wanapata nafasi, na mzani unarudi. Leo mfano huu unafundishwa katika vyuo duniani kote. Ni samaki wetu. Ni mawe yetu. Nilisoma miaka yote ya chuo bila mtu kunitajia.

Hapo ndipo mlalo wa mwili unapoingia katika historia. Jaribu kufikiri: unataka kuona shambulio linalokwisha kwa kufumba na kufumbua. Ukiwa wima, unapiga miguu ili usizame. Ukipiga miguu, tope inapanda, samaki wanakimbia, mayai yaliyotagwa kwenye jiwe yanafunikwa. Utakachoandika ni tabia ya samaki walioogopa. Mtafiti aliyetulia, mlalo, mikono mbele na kibao chake cha kuandikia, baada ya muda samaki wanamchukua kama jiwe jingine. Vyombo vya maabara vinakuja baadaye. Chombo cha kwanza kilikuwa mwili uliotulia.

Ufundi wenyewe ukoje? Nitaueleza kama nilivyouelewa kwa kusoma, na atakayetaka kuufanya atafute mwalimu mwenye cheti, kwa sababu maji hayasamehe. Mwili na vifaa vina vitovu viwili. Kuna kitovu cha uzito, pale ambapo mzigo wote unavuta chini. Kuna kitovu cha kuelea, pale ambapo maji yanasukuma juu, na hicho kiko karibu na kifua kwa sababu mapafu yana hewa. Uzito ukiwa chini sana kuelekea kiunoni na miguuni, miguu inashuka na kifua kinapanda. Wamama zetu wanaopanda na mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, wanalijua hili bila darasa: mzigo ukining'inia chini unakuvuta nyuma, basi unaupandisha karibu na mabega. Mzamiaji anafanya vilevile. Anapandisha chupa kuelekea mabega, anatoa baadhi ya risasi kiunoni na kuziweka juu zaidi, karibu na mapafu. Kisha anaacha kila kitu: hapigi mguu, hasogezi mkono, anatazama ni sehemu gani inaanguka. Miguu ikianguka, uzito upande kidogo. Kichwa kikianguka, uzito ushuke kidogo.

Hata hivyo, mlalo peke yake hautoshi kama risasi ni nyingi mno. Maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo yanasukuma kidogo zaidi ya asilimia 2 pungufu. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100, akitoka Zanzibar kuja kuzama Uvira, anapaswa kupunguza kama kilo 2 na nusu za risasi. Chupa nayo inabadilika njiani. Ya lita 12 iliyojazwa bar 200 ina hewa ya karibu kilo 3, na hewa hiyo inaisha. Mtu anayeanza sawa anamaliza mwepesi, basi hesabu inafanywa kwa chupa inayokaribia kuisha. Na pumzi ya kawaida, nusu lita tu, inatosha kumpandisha au kumshusha mtu aliyepangwa vizuri. Ndiyo maana wazamiaji wazuri wanaongoza mwili kwa pumzi, polepole, bila kuibana kamwe. Kubana pumzi huku ukipanda kunaweza kupasua mapafu.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa Bijombo kabisa. Uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya bahari. Shinikizo la hewa pale Uvira tayari ni pungufu, na kwa hiyo shinikizo linaongezeka mara mbili kwenye kina cha karibu mita 9 na nusu badala ya mita 10 za baharini. Kwa wazamiaji, juu ya mita 300 hesabu za kawaida hazitoshi tena, zinatumika zile za maziwa ya juu. Sasa Bijombo iko zaidi ya mita 2,000. Mtu akizama, naitrojeni ya hewa inaingia mwilini. Akipanda mlima kabla haijatoka, ni kama kufungua chupa ya Primus iliyotikiswa: mapovu yanaweza kujitokeza kwenye damu na viungo. Mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, unasema kusubiri saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 baada ya kuzama mara nyingi, kabla ya kupanda ndege. Kwa mwili, mlima wetu ni ndege hiyo hiyo. Kijana wa milimani atakayejifunza kuzama Uvira asubuhi, jioni alale kwa ndugu yake palepale Uvira. Asipande.

Basi kazi ile iliishia wapi? Haikufa, lakini ilikatwa. Miaka ya 1990 nchi ilitikisika, na kazi nyingi za Wajapani zilielekea kusini, Mpulungu, Zambia. Oktoba 1996 vita vilifika Uvira. Kati ya 1995 na 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa wa kulinda bayoanuwai ya ziwa ulifanya kazi katika nchi zote nne, na kuzamia ilikuwa njia mojawapo ya kuhesabu samaki na konokono. Lakini upande wetu usalama ulibana sana kazi. Mahali ambapo mtu hawezi kuzama, hakuna hesabu. Mahali hakuna hesabu, hakuna anayejua kilichopotea.

Na kuna kinachopotea. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walilinganisha sehemu za ziwa zenye tope nyingi na zile zisizo nayo, na wakakuta kwamba penye tope aina za viumbe ni chache zaidi. Sababu siyo ngumu. Samaki wa mawe wanaishi kwenye nyufa na kula mwani unaoota juu ya jiwe. Udongo ukifunika jiwe, mwani hauoti vizuri na nyufa zinazibika. Udongo huo hautoki mbinguni. Unatoka kwenye mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, kwenye misitu iliyokatwa kwa makaa, kwenye milima inayosimama juu ya Uvira kama ukuta. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Sisi tuliona mawe na matope barabarani. Yaliyopita na kuingia ziwani, ni nani aliyeshuka kuyaona?

Ndiyo maana nasema mmomonyoko na mlalo wa mzamiaji ni habari moja. Yule anajifunza kutokuinua tope iliyokwisha kutua. Mimi nimesomea namna ya kuzuia isifike: mistari ya kontua, matuta yenye majani ya kushika udongo, miti kwenye kingo za mito. Mmoja akifanya kazi bila mwenzake, kazi inabaki nusu. Nitapanda majani mlimani miaka 10, na bila mtu wa kushuka kwenye mraba uleule wa mawe kuhesabu, sitaweza kuonyesha kwamba kuna kilichobadilika.

Pendekezo langu kwa chama siyo kubwa. Tuna wanachama waliosoma biolojia na hidrobiolojia, tuna watoto wa wavuvi wanaoogelea kuliko wengi wetu. Kwanza, tuombe CRH watupokee, tusome zile makala za miaka ya 1980 ambazo majina ya wazee wetu yamo. Pili, siku hali ikiruhusu, tutafute nafasi hata mbili tu za vijana kufundishwa kuzama na walimu wanaotambulika, na tusisitize wafundishwe usawa wa mwili kabla ya kitu kingine chochote, tena kwa hesabu za ziwa la juu, siyo za bahari. Tatu, sisi maagronome tuchague mto mmoja, tuanze nao kutoka chanzo hadi mdomo. Mimi nipo tayari kuanza na mteremko. Natafuta wa kushuka majini.